Maswali ya Wasomaji: Ruta Inajuaje Kwamba Nimepunga Mkono?

Tangu tulipogusia katika safu hii kwamba taa na redio zinaweza kuamriwa kwa kupunga mkono hewani, kwa kutumia mawimbi ya ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, bila kamera na bila mtu kuvaa chochote mwilini, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua chache, na pale wasomaji kadhaa walipouliza jambo lile lile nimeziunganisha barua zao kuwa swali moja.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi redio wa siku nyingi. Ninavyojua, Wi-Fi ni ya kuleta intaneti tu. Ruta haina jicho wala lenzi. Inauonaje mkono wangu?

Haiuoni, fundi, na ukishalikubali hilo mengine yatakuwa mepesi. Wewe mwenyewe umeshuhudia jambo hili mara nyingi kazini: mteja analeta redio yenye antena ya kuvuta, unasogea karibu nayo sauti inatulia, unarudi kitini inaanza kukwaruza. Hukugusa kitufe chochote. Mwili wako ndio uliobadilisha namna mawimbi yanavyoifikia antena. Kwa msikilizaji wa redio huo ni usumbufu, lakini wahandisi wa fani hii wanautafuta usumbufu huo huo kwa makusudi, wanaupima, kisha wanajiuliza ni mwendo gani ulioweza kuuleta.

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji yenye chumvi, kwa hiyo mawimbi ya redio yakiufikia, sehemu yake hunyonywa na sehemu hurudishwa. Mawimbi yanayotoka kwenye ruta hayaendi kwa njia moja iliyonyooka. Hugonga kuta, dari, kabati na wewe mwenyewe, kisha yote hukutana kwenye antena ya kipokezi, mengine yakiongezeana nguvu na mengine yakipunguzana. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 12.5 hivi, na ile ya gigahezi 5 ina wimbi la sentimita 6. Mkono ukisogea sentimita 3 tu kuelekea kwenye kifaa kinachotuma na kupokea, safari ya kwenda na kurudi ya wimbi lililougonga hupungua kwa sentimita 6, yaani wimbi zima. Ndiyo maana mwendo mdogo kiasi hicho huacha alama inayopimika.

Alama inayotumiwa sana ni ile aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, nawe unaifahamu kwa masikio: gari lenye king'ora likikujia mlio huwa mwembamba, likishakupita mlio hushuka na kuwa mzito. Mkono unaosukumwa kuelekea kwenye kipokezi huyapandisha masafa ya wimbi linalorudi, yaani mara linazotetemeka kwa sekunde (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde), na mkono unaovutwa nyuma huyashusha. Ugumu uko kwenye kiasi. Mkono unaokwenda kwa nusu mita kwa sekunde hubadilisha masafa ya gigahezi 5 kwa hezi 17 hivi, ilhali mkondo wa kawaida wa Wi-Fi, yaani ukanda wa masafa unaotumiwa kupeleka mawasiliano, una upana wa megahezi 20. Kama mkondo huo ungekuwa barabara ya kilomita 1,176, badiliko unalolitafuta lingekuwa na urefu wa mita 1.

Timu ya Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, wakiwemo Shyamnath Gollakota na Shwetak Patel, ilionyesha mwaka 2013 kwamba mita hiyo moja inaweza kupatikana. Mfumo wao, WiSee, huyachakata mawimbi yaliyokwisha kupokewa hadi yawe kana kwamba kitumaji kilikuwa kikirudia alama ile ile moja bila kubadilika, na hapo upana wote wa megahezi 20 hujibana kuwa uzi wa hezi chache. Katika uzi huo, kusukuma mkono huonekana kama kilima, kuvuta huonekana kama bonde, na kuzungusha mkono huwa kilima kinachofuatwa na bonde. Waliujaribu katika ofisi na katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala, watu 5 wakifanya jumla ya ishara 900 za aina 9, na mfumo ukapatia kwa wastani wa asilimia 94. Mfanyaji hakulazimika kuwa chumba kimoja na kipokezi.

Nyumba yangu ina watoto watatu na hakuna anayekaa kimya. Je, taa hazitakuwa zikiwaka na kuzimika kila mtoto anaporusha mpira? Na mimi ninayeongea kwa mikono itakuwaje?

Dada, umeuliza swali ambalo matangazo ya vifaa hivi hulipita kwa haraka, nami naliona kubwa kuliko yote yaliyokuja mezani. Kugundua kwamba kitu kimesogea chumbani si kazi ngumu tena. Kazi ni kujua ni mwendo upi uliokusudiwa kuwa amri. Rimoti haina shida hiyo, kwa sababu kuishika na kuibonyeza ni kusema waziwazi kwamba sasa ninaamuru. Mkono uliokuwa ukifukuza nzi haukusema hivyo, lakini kwenye antena alama yake yaweza kufanana sana na ya mkono uliokuwa ukipunguza sauti ya televisheni.

Dawa iliyopatikana ni ishara ya kufungulia. Kabla ya amri yenyewe, unafanya mwendo ambao watu hawaufanyi kwa bahati mbaya: unasukuma mkono na kuuvuta, unasukuma na kuuvuta, kwa mpigo unaolingana. Mfumo usipoupata mpigo huo hauzingatii kitu kingine chochote. Watafiti wale wa Washington waliuacha mfumo wao ukisikiliza kwa saa 24 wakahesabu mara ulizodanganyika. Kwa ishara ya kufungulia yenye marudio mawili ulidanganyika kwa wastani wa mara 2.63 kwa saa, ambazo kwa siku nzima ni zaidi ya mara 60. Nyumba ya namna hiyo haikaliki. Walipoongeza marudio yakawa manne, wastani ukashuka hadi mara 0.07 kwa saa, yaani mara moja au mbili kwa siku.

Tazama, hata hivyo, gharama ya nafuu hiyo. Sukuma-vuta, sukuma-vuta, sukuma-vuta, sukuma-vuta, halafu ndipo amri ifuate, na yote hayo ni kwa ajili ya kuzima taa ambayo swichi yake ungeibonyeza kwa kidole kimoja. Kila unapoifanya ishara kuwa rahisi unafungua mlango wa makosa, na kila unapoufunga mlango huo unamchosha mtumiaji. Sijaona mfumo uliolikwepa jambo hili moja kwa moja. Ninachokiona ni kila mbunifu kuchagua mahali pake pa kusimama kati ya pande hizo mbili.

Kuhusu watoto, ishara ya kufungulia inafanya kazi ya pili ambayo si rahisi kuiona. Kipokezi chenye antena kadhaa hutumia mpigo ule kujua mawimbi ya mwamuru yanazifikia antena zake kwa mpangilio gani, kisha hulielekeza sikio lake huko na kuyapunguza yale yanayotoka kwa wengine. Wawili au watatu wakipita nyuma yako, mfumo bado utakufuata wewe, ingawa usahihi hushuka kadiri wanavyoongezeka. Watoto watatu na mpira mmoja, kwa maoni yangu, bado wataushinda.

Jambo dogo la kuongeza: wapo wanaoupendekeza mpigo huo utumike kama nenosiri. Nisingeutegemea. Nenosiri linaloonyeshwa hewani mbele ya wageni hujifunzwa na wageni.

Mmeandika kwamba mawimbi hayo hupenya ukuta. Basi jirani yangu naye anaweza kunitazama nikiwa chumbani mwangu?

Kukutazama kwa maana ya sura yako, hapana. Kujua kwamba upo, kwamba unatembea au umetulia, hilo linawezekana, na si haki kulificha kwa maneno matamu. Mwaka 2013 Dina Katabi na Fadel Adib wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha kifaa walichokiita Wi-Vi, kilichoweza kuhesabu watu wachache wanaotembea nyuma ya ukuta. Mtu aliyefungiwa humo, bila kifaa chochote mkononi, aliweza hata kutuma ujumbe kwa miguu: mpangilio mmoja wa hatua za mbele na nyuma ulisomwa kama 0, na kinyume chake kama 1. Ukuta wa mbao au wa jasi huyaachia mawimbi kwa urahisi, wa zege huyapunguza sana, na bati la chuma huyazuia karibu kabisa.

Wasomaji wengi wameshika kwamba Wi-Fi yao ina nenosiri na kwa hiyo wako salama. Nenosiri hufunga yaliyomo kwenye mawasiliano: barua pepe zako, picha zako, akaunti zako. Upimaji wa mwendo hauhitaji kusoma neno hata moja la yaliyomo. Kila pakiti ya Wi-Fi, yaani kifurushi kidogo cha data kinachorushwa hewani, huanza na kipande kinachojulikana na vipokezi vyote, kilichowekwa ili kipokezi kipime hali ya njia kabla ya kusoma, na kipande hicho hakifungwi. Anayesikiliza kutoka nje anaweza kukipima kama kinavyopimwa na simu yako.

Usiku wa leo usijikoseshe usingizi kwa ajili hiyo, maana kutoka kwenye alama ya mwendo hadi kujua mtu anafanya nini ndani ya nyumba ambayo mpelelezi hajawahi kuifanyia majaribio ni safari ndefu. Lakini taasisi ya wahandisi ya IEEE ilianzisha kikundi cha kazi mwaka 2020 kuandaa kiwango cha upimaji kwa Wi-Fi, kinachoitwa 802.11bf, na kiwango hicho kimekwisha kupitishwa. Maana yake ni kwamba uwezo huu utakuja ukiwa umejengwa ndani ya vifaa vya kawaida. Siku unaponunua ruta mpya, tafuta kwenye mipangilio yake kama kuna upimaji wa mwendo, uliza takwimu zake zinahifadhiwa ndani ya kifaa au zinapelekwa kwa mtengenezaji, na kama huuhitaji, uuzime.

Je, mawimbi haya hayana madhara kwa mwili, kwa kuwa sasa yanatupiga makusudi?

Ni mawimbi yale yale yaliyokuwa yakikupiga jana ulipokuwa ukisoma habari kwenye simu. Kilichoongezeka ni hesabu zinazofanywa upande wa kupokea. Ruta ya kawaida hutuma kwa nguvu ya takriban sehemu ya kumi ya wati, nayo hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali. Mawimbi ya aina hii hayana nishati ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini ushahidi wake ni mdogo na haujatosha kuthibitisha. Sina sababu ya kuiogopa ruta inayopima mwendo kuliko ile isiyopima.

Niliwahi kuona simu iliyobadilisha wimbo kwa kupungiwa mkono, bila kuguswa. Matoleo yaliyofuata hayana tena. Ilishindwa?

Nadhani unaizungumzia Pixel 4 ya Google, iliyotoka Oktoba 2019. Ndani yake mlikuwa na rada ndogo, tunda la mradi wa Soli uliotangazwa mwaka 2015. Haikutumia Wi-Fi bali masafa ya gigahezi 60, ambako wimbi lina urefu wa milimita 5 tu, ndiyo maana rada nzima iliweza kuingia kwenye ukingo wa juu wa kioo. Kanuni ni ndugu moja na ile niliyomweleza fundi hapo juu.

Sitaki kusema kwamba rada hiyo ilishindwa kuusoma mkono. Tatizo la kwanza lilikuwa vibali. Marekani ilitoa ruhusa maalumu mwishoni mwa 2018, lakini India hakikupatikana kibali cha kuyatumia masafa hayo, na simu haikuuzwa huko kabisa. La pili ni lile la dada mwenye watoto, kwa sura nyingine: kubadilisha wimbo na kunyamazisha kengele ni kazi ambazo kidole kilikuwa kikizifanya vizuri, tena kidole chenyewe kiko sentimita chache kutoka kwenye kioo. Simu iko mkononi tayari. Kwa nini uipungie? Pixel 5 ya mwaka 2020 ikatoka bila rada. Teknolojia yenyewe haikufa, maana mwaka 2021 iliwekwa kwenye Nest Hub ya kizazi cha pili, kifaa kinachokaa kando ya kitanda na kufuatilia usingizi wa mtu. Pale imepata mahali pake, kwa sababu aliyelala hawezi kubonyeza kitu.

Msomaji mwingine ameuliza kuhusu betri. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kile kile cha Washington walionyesha mfumo wa AllSee, unaosoma ishara kwa kutumia mawimbi ya televisheni yaliyokwisha kujaa hewani, bila kutuma lolote lake, na hula makumi tu ya mikrowati, yaani sehemu za milioni za wati. Ulitambua ishara 8 kwa usahihi uliofika asilimia 97, ila mkono ulitakiwa uwe karibu na kifaa.

Ninasomea ufundi umeme. Naweza kujaribu mwenyewe bila maabara?

Unaweza, kijana wetu. Mwaka 2011 zilitolewa zana za kusomea hali ya mkondo, yaani jinsi mawimbi yalivyobadilika njiani, kutoka kwenye kadi ya Intel 5300 ya kompyuta za mkononi, na tafiti nyingi za fani hii zilipita hapo. Siku hizi njia nyepesi ni bodi mbili ndogo za ESP32: moja itume pakiti kama 100 kwa sekunde, nyingine izipokee na kukutolea, kwa kila pakiti, kipimo cha kila kijimkondo, yaani kila kipande chembamba cha masafa ndani ya mkondo mzima. Anza na ukubwa wa wimbi peke yake. Awamu ya wimbi, yaani mahali lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, itakupotezea wiki nzima, kwa kuwa saa za ndani za bodi mbili hazilingani na tofauti yao huivuruga.

Nilipojaribu mwenyewe niliziweka bodi mita 2 moja kutoka nyingine, nikachora vipimo kwenye kioo cha kompyuta. Mistari ikalala. Nikainua kikombe, ikaruka, nikakirudisha, ikatulia. Nilikuwa nimeanza kufurahi nilipoona wimbi pole pole likipanda na kushuka kila baada ya sekunde kadhaa, wakati mimi nimekaa kama sanamu. Nilikagua waya, nikabadilisha programu, nikamlaumu aliyeiandika. Kumbe ni feni inayogeuza shingo katika chumba cha pili, ambacho mlango wake ulikuwa wazi.

Feni hiyo ilinifundisha kwamba kipimo hakibebi mwendo wako peke yako. Kinabeba chumba kizima. Ukiufunza mfumo ukiwa umesimama dirishani halafu ukafanya ishara ile ile ukiwa mlangoni, namba zitakuwa tofauti, na kuhamisha kabati kwaweza kuufanya usahau kila kitu. Kusanya mifano katika sehemu nyingi za chumba, kwa siku tofauti na kwa watu tofauti, na usijipime kwa mifano uliyoufunzia, maana hapo kila mtu hupata alama za juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua nchini China waliishambulia shida hii mwaka 2019 kwa mfumo wa Widar3.0, ambao kwanza huzigeuza alama kuwa kasi za viungo zikipimwa kutoka kwenye mwili wenyewe, si kutoka kwenye ruta, ili ishara ibaki ile ile popote mtu anaposimama. Ukifika hatua ya kuhitaji hilo, utakuwa umekwenda mbali.

Mama yangu alipooza upande mmoja na mkono uliobaki unatetemeka. Sauti yake nayo imefifia, hivyo vifaa vya kuamriwa kwa sauti havimwelewi. Je, ishara hizi zingemfaa?

Pole kwa uuguzi, ndugu yangu. Ni mtu kama mama ambaye teknolojia hii ingemfaa kuliko mimi mvivu wa kuinuka kitini. Hahitaji kushika rimoti, kuvaa bangili, wala kukaa mbele ya kamera wakati anapobadilishwa nguo.

Ila mfumo uliofunzwa kwa watu wazima wenye afya usimpe kama ulivyo. Ishara ya kufungulia yenye marudio ya haraka ni hatari kwake kwa namna ya pekee: mtetemeko nao ni mwendo unaojirudia kwa mpigo, ule wa ugonjwa wa Parkinson kwa mfano huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mfumo uliolegezwa waweza kuuchukua kama amri usiku kucha. Mchagulie mwendo ambao mwili wake haufanyi wenyewe, wa polepole na mpana, kama kuinua mkono mzima kutoka godoroni, kuushikilia hesabu ya tatu na kuushusha. Mfumo ufunzwe kwa mwendo wake yeye, asubuhi akiwa na nguvu na jioni akiwa amechoka, maana hiyo ni kama mikono miwili tofauti. Amri zisizidi mbili au tatu: taa, feni, na ile ya kukuita wewe.

Amri ya kukuita ijibiwe palepale kwa mlio au mwanga mdogo, ili ajue kwamba imefika na asirudie mpaka mkono umchoke. Na kengele ya kitufe inayotumia betri iache pale pale kando ya mto wake, kwa sababu umeme ukikatika ruta haitajua kwamba ameinua mkono.